Trakingi ikitoka programu moja kwenda nyingine: njia nne za kuhamisha data

Kazi ya madoido ya video mara nyingi haiishii kwenye kompyuta moja. Klipu imepigwa kwa droni juu ya Jiwe la Bismarck, hapa Mwanza. Trakingi, yaani kufuatilia nukta za picha fremu kwa fremu ili kukokotoa mwendo wa kamera, imefanyika kwenye Blender, programu ya 3D, huko Nyegezi, kwa kuwa programu hiyo ni ya bure. Maandishi na rangi vinawekwa kwenye After Effects pale Kirumba, na mteja aliyeko Nairobi anataka kazi inayofunguka kwenye Nuke, programu ya kuunganisha picha. Sasa ile kamera uliyoitafuta kwa jasho, pamoja na nukta zilizoshika mawe fremu kwa fremu, zitavukaje kutoka programu hii hadi ile bila kuyumba?

Njia zinazotumika sana ni nne: data za 2D zinazonakiliwa na kubandikwa, skripti au faili la maandishi, FBX, na Alembic (hizi mbili za mwisho ni aina za faili za 3D). Nitazipima zote kwa vigezo vilevile. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: tuma kitu kidogo kabisa kinachomtosha anayepokea, na usikitume bila maelezo ya lenzi, kihisi (sehemu ya kamera inayopokea mwanga) na fremu. Kinachomtosha mtu wa After Effects, hata hivyo, sicho kinachomtosha mtu wa Nuke, na ndiyo maana ulinganisho huu una sababu ya kuwepo.

## Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni kinachobebwa. Trakingi si kitu kimoja. Kuna nukta moja inayotembea kwenye skrini. Kuna pembe nne za bango. Kuna kamera ya 3D yenye mahali ilipo, mzunguko wake na pembe yake ya mwono, na kuna wingu la nukta za 3D linaloonyesha jiwe liko wapi. Njia inayobeba pembe nne vizuri sana inaweza isiijue kamera kabisa.

Cha pili ni mihimili (X, Y na Z, yaani pande tatu za nafasi) na kipimo. Kwenye Blender, juu ni Z. Kwenye Nuke, na kwenye Maya ambayo ni programu nyingine ya 3D, juu ni Y. Kwenye After Effects, Y inashuka, Z inakwenda mbali na mtazamaji, na kipimo ni pikseli. Hata katika 2D programu hizi hazielewani: After Effects huhesabu kuanzia kona ya juu kushoto, Nuke kuanzia kona ya chini kushoto, na Fusion, programu nyingine ya kuunganisha picha, kuanzia kona hiyohiyo ya chini ila kwa namba za 0 hadi 1. Chukua klipu ya 1920 kwa 1080. Nukta iliyoandikwa 480, 270 kwenye After Effects itakuwa 480, 810 kwenye Nuke, na 0.25, 0.75 kwenye Fusion. Ni nukta ileile, mahali palepale kwenye picha.

Halafu kuna suala la ukubwa halisi. Jiwe la mita 2 lililopigwa na kamera iliyosogea mita 1, na jiwe la mita 20 lililopigwa na kamera iliyosogea mita 10, hutoa picha zinazofanana. Programu haina namna ya kuyatofautisha. Lazima wewe uiambie. Kwa hiyo siku ya kupiga picha, nenda na futi kamba, pima umbali kati ya alama mbili zinazoonekana vizuri, uuandike. Kisha weka kipimo hicho pamoja na sakafu ndani ya programu uliyotrakia, kabla hujatoa faili. Ukikiacha kipimo kikatengenezwe kule mbele, kila anayepokea atajitengenezea chake.

Cha tatu ni muda, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Blender kwa kawaida huanza na fremu ya 1, After Effects huanza na 0, na studio nyingi za filamu huanza na 1001. Tofauti ya fremu moja tu inatosha kukifanya kitu ulichokiweka juu ya jiwe kiteleze kila kamera inapogeuka. Lipo na jambo linalojificha zaidi: faili za namna fulani huhifadhi muda kwa namba ya fremu, nyingine huhifadhi kwa sekunde. Faili la sekunde lililotoka kwenye mradi wa fremu 25 likifunguliwa kwenye mradi wa fremu 24, kamera inaachana na picha kwa fremu moja kila sekunde. Mwanzo wa klipu unaonekana sawa, mwisho umeshaharibika, na watu wanailaumu trakingi.

Klipu za simu zina lao. Simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayopanda na kushuka ndani ya klipu moja. Ibadilishe kwanza iwe na kasi isiyobadilika, kwa programu za kubadili video kama FFmpeg au HandBrake, au bora zaidi iwe mfuatano wa picha moja moja, ndipo utraki. Na kama simu inaruhusu, rekodi kwa 25 badala ya 30. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa za ndani hupepesa zaidi kwenye 30.

Cha nne ni lenzi. Urefu wa fokasi peke yake hausemi kitu bila upana wa kihisi. Lenzi ya milimita 35 kwenye kihisi cha milimita 36 huona nyuzi 54.4 kwa upana. Nuke huanza na upana wa milimita 24.576, ukiandika 35 bila kubadili hiyo namba nyingine, kamera yako sasa inaona nyuzi 38.7 tu. Kamera nyingi pia hukata sehemu ya kihisi zinaporekodi 4K, kwa hiyo upana ulioandikwa kwenye boksi unaweza usiwe ule uliotumika. Zaidi ya pembe ya mwono kuna kupinda kwa lenzi, ile mistari iliyonyooka inayoonekana kama imevimba pembezoni. Hilo karibu hakuna njia kati ya hizi nne inayolibeba vizuri, na nitalirudia.

Kigezo cha tano ni uzito wa faili na gharama: bando, nguvu ya laptopu, leseni. Cha sita ni kama faili linafungulika kwa jicho, ukaona namba na kuirekebisha pale umeme uliporudi na muda umekwisha.

## Kabla ya kutoa chochote

Trakingi mbaya haiponi kwa kubadilishiwa faili. Pwani ya ziwa letu inatupa neema na mtihani kwa pamoja. Mawe ya Mwanza ni hazina kwa kazi hii: yana mikwaruzo, kona na madoa, hayasogei, na yapo karibu na mbali kwa wakati mmoja, ambavyo ndivyo kikokotoo cha kamera kinavyopenda. Maji ni kinyume chake. Wimbi linatembea, mng'ao wa jua unatembea, na magugu maji yanayoelea yanaonekana kama alama nzuri ilhali yanasukumwa na upepo. Nukta yoyote iliyoshika maji ifute. Ukipiga kutoka ndani ya kivuko cha Kamanga, amua mapema unataka kamera ya nchi kavu au kamera ya kivuko, kwa sababu nukta za sitaha na nukta za vilima haziwezi kukaa kwenye hesabu moja. Kwenye Daraja la Kigongo–Busisi, angalia nguzo zinazofanana. Trakingi hupenda kuruka kutoka nguzo moja hadi jirani yake.

Kizuizi cha mtikisiko cha simu kizime ukiweza. Kinakata na kusogeza picha ndani ya fremu, na programu inakokotoa kamera ambayo haikuwahi kuwepo. Kisha angalia kosa la wastani ambalo Blender hulionyesha kwa pikseli, yaani umbali kati ya nukta ilipo kwenye picha na pale kamera iliyokokotolewa inapodai iko. Chini ya nusu pikseli ni raha. Likizidi 1, rudi kwenye nukta zako kabla hujafikiria kumtumia mtu.

## Njia ya kwanza: data za 2D za kubandika

Kinachobebwa. Nukta, au mzunguko na ukubwa, au pembe nne za kitu bapa. Mocha, programu ya trakingi, ndiyo maarufu zaidi hapa kwa sababu hutraki ubapa mzima badala ya nukta, na toleo lake dogo huja pamoja na After Effects. Ukinakili data zake unapata maandishi ya kawaida yanayoanza na mstari unaosema ni data za After Effects, kisha kasi ya fremu, upana na urefu wa klipu, halafu safu za namba. Yabandike kwenye programu ya kuandikia uyaone mwenyewe. Kamera ya 3D haimo kabisa.

Mihimili, muda na lenzi. Muda uko kwa namba ya fremu, jambo zuri, ila data hubandikwa kuanzia pale mshale wa muda uliposimama. Weka mshale kwenye fremu ya kwanza ya klipu ndipo ubandike. Ukubwa wa picha ndio mtego wake mkuu: ukitraki kwenye nakala nyepesi ya 1280 kwa 720 na kazi ya mwisho ni 3840 kwa 2160, kila namba inatakiwa kuzidishwa kwa 3. Kamera ya 3D haina shida hiyo mradi uwiano wa picha haujabadilika, na namba za 0 hadi 1 za Fusion nazo haziguswi. Kupinda kwa lenzi kunaonekana pembezoni tu, na kwa bango lililo katikati ya picha hutakuona.

Uzito na gharama. Ni maandishi machache yanayoingia hata kwenye ujumbe wa simu. Tatizo liko kwenye leseni: Mocha iliyo ndani ya After Effects hutoa data kwa ajili ya programu za Adobe, na ukitaka kuzipeleka Nuke au Fusion unahitaji Mocha Pro, ambayo inauzwa peke yake. Blender nayo hutraki 2D na ubapa vizuri, lakini haina kitufe cha kuzitoa nukta hizo kwenda After Effects. Inabidi skripti fupi ya Python isome kila alama (zimehifadhiwa kwa 0 hadi 1, kutoka chini kushoto) na kuzigeuza ziwe pikseli kutoka juu.

Inamfaa nani. Mwenye kubadili bango la duka Makoroboi, kuweka nembo ubavuni mwa daladala, au kujaza skrini ya simu iliyo mkononi mwa mwigizaji. Watu hukimbilia 3D kwa kazi ambayo pembe nne zingeimaliza kabla ya chai, na hilo nalisema kwa uchungu, maana muda wa vijana wengi unapotelea hapo.

## Njia ya pili: skripti na faili la maandishi

Hapa nimeweka pamoja ndugu wawili: skripti ya jsx inayoingia After Effects, na faili la chan linaloingia Nuke.

Kinachobebwa. Jsx kutoka Blender hubeba kamera iliyokokotolewa, nukta za 3D za trakingi na vitu ulivyovichagua. Ukiiendesha ndani ya After Effects inajenga kompozisheni nzima yenye kamera na nali zake, yaani vitu tupu vinavyoonyesha mahali pa nukta. Kiendelezi kinachotoa jsx, yaani nyongeza ya Blender, zamani kilikuja ndani ya Blender yenyewe. Kuanzia toleo la 4.2 la mwaka 2024, viendelezi vingi vya namna hiyo vilihamishiwa kwenye ukurasa wa viendelezi, kwa hiyo unakipakua kwanza. Chan ni nyepesi zaidi: kila mstari ni fremu moja, wenye namba ya fremu, mahali pa kamera kwa namba tatu, mzunguko kwa namba tatu, na pembe ya mwono ya wima. Hakuna nukta wala umbo, na kamera haina hata jina.

Mihimili, muda na lenzi. Jsx inakugeuzia mihimili yenyewe kwa sababu inajua inakokwenda. Lenzi inaingia kama kipimo cha zumu kwa pikseli, na unaweza kukihakiki kwa kikokotoo cha simu: upana wa picha mara urefu wa fokasi, gawa kwa upana wa kihisi. Milimita 35 kwenye kihisi cha 36 na picha ya 1920 inatoa 1866.7. Ukikuta namba nyingine, umeshajua pa kutafuta.

Chan inahitaji umakini zaidi. Wakati wa kutoa, chagua Y iwe juu, na hakikisha mpangilio wa mzunguko (mhimili upi unazungushwa kwanza) ni uleule pande zote mbili. Nuke huanza na ZXY, Blender na XYZ. Mpangilio ukipishana, kamera inaonekana sahihi inapotazama mbele na inapinda kila inapoinama na kugeuka kwa pamoja. Pembe ya wima nayo ina mtego: video ya 16 kwa 9 haitumii urefu wote wa kihisi cha 36 kwa 24, inatumia milimita 20.25. Kwa lenzi ya 35 hiyo ni nyuzi 32.3, wakati hesabu ya 24 ingekupa 37.8. Muda kwenye njia hii uko kwa namba ya fremu, na hilo linaiokoa na ile ajali ya 24 na 25.

Uzito na gharama. Klipu ya sekunde 10 kwa fremu 25 ni mistari 250 ya chan, kama kilobaiti 20. Bando la siku moja linatosha na kubaki, na laptopu yoyote inaifungua. Faida kubwa zaidi kwangu ni kwamba faili linasomeka. Ukiona fremu ya 117 imeruka, unaiona kwa namba, unairekebisha kwa mkono. Tahadhari moja: jsx ni programu inayotenda, si data tupu. Imetoka kwa mtu usiyemjua? Ifungue uisome kwanza.

Inamfaa nani. Mtu wa Blender anayemhudumia mtu wa After Effects, karibu kila siku. Kwa chan, ni yule anayetuma kamera moja tu kwenda Nuke. Haimfai anayehitaji kutuma umbo la jiwe ili samaki wa 3D apite nyuma yake.

## Njia ya tatu: FBX

FBX ilizaliwa kwenye programu ya FilmBox ya kampuni ya Kaydara, na Autodesk iliipata mwaka 2006 iliponunua Alias. Ni mali ya kampuni, na historia hiyo inaeleza tabia yake: inafunguka karibu kila mahali, lakini kila programu inaifungua kwa lafudhi yake.

Kinachobebwa. Kamera, mwendo, maumbo, mifupa ya wahusika, taa na majina ya vitu. Wingu la nukta za trakingi la Blender haliendi lenyewe. Ligeuze kwanza kuwa umbo kwa amri ya 3D Markers to Mesh iliyo kwenye dirisha la trakingi. Na kwa kuwa kamera ya Blender baada ya kukokotolewa huongozwa na kizuizi (constraint, kanuni inayoiendesha badala ya fremu zilizoandikwa), bonyeza Constraint to F-Curve ili mwendo uwe fremu halisi unazoziona kwenye mstari wa muda. Nashauri hatua hiyo kwa njia zote za 3D, hata pale programu inapodai kuimaliza yenyewe.

Mihimili, muda na lenzi. Kipimo cha FBX ni sentimita, cha Blender ni mita. Matokeo yake ni vitu vinavyoingia vikiwa na ukubwa wa 100, au tukio zima lililokuwa na upana wa mita likawa na upana wa sentimita. Mara nyingi si kosa la kuua, kwa kuwa kamera na maumbo hukua pamoja, ila ukichanganya na kitu kilichotoka kwingine utaona. Mihimili hugeuzwa wakati wa kutoa; mwache anayepokea ajue umechagua ipi. Muda haupo kwa namba ya fremu, hivyo kasi ya mradi iwekwe kabla ya kuingiza. Urefu wa fokasi na upana wa kihisi vimo, lakini vihakiki vyote viwili.

Uzito na gharama. Wastani. Kamera peke yake ni faili dogo, na Fusion, Nuke, Maya, Cinema 4D na injini za michezo kama Unreal na Unity zinaijua. After Effects haikuzoea kupokea kamera kwa njia hii. Kwake jsx au faili la Maya la aina ya .ma ni salama zaidi. FBX huja kwa sura mbili, ya maandishi na ya jozi (binary), na kiingizaji cha zamani cha Blender hakikusoma ile ya maandishi. Ukipewa faili linalokataa, uliza hilo kwanza.

Inamfaa nani. Anayepeleka kamera kwenye injini ya mchezo au programu ya 3D ambako wahusika wenye mifupa watachezeshwa: sema umepiga ngoma ya Bugobogobo na unataka mchezaji mmoja wa 3D aingie kati ya wenye majembe. Mhuishaji anahitaji mifupa inayoharirika, na katika njia hizi nne FBX ndiyo inayompa.

## Njia ya nne: Alembic

Alembic ilitengenezwa na Sony Pictures Imageworks na Industrial Light & Magic, toleo la kwanza likatoka mwaka 2011, na msimbo wake uko wazi. Falsafa yake ni moja: kila kitu kiokwe. Haihifadhi sababu ya mwendo, inahifadhi matokeo yake fremu kwa fremu.

Kinachobebwa. Kamera na maumbo jinsi yalivyo kila fremu, hata maji yanayochemka na nguo inayopepea. Mifupa, vizuizi na maagizo havimo. Nukta za trakingi zigeuzwe umbo kama kwenye FBX.

Mihimili, muda na lenzi. Kwa mihimili imetulia kuliko FBX: Y iko juu, na Blender hujigeuza yenyewe ikitoa na ikiingiza. Kamera hubeba urefu wa fokasi na upana wa kihisi kwa utaratibu unaoeleweka. Muda wake, sasa, uko kwa sekunde. Ile ajali ya fremu moja kila sekunde niliyoieleza juu ndiyo ajali ya Alembic hasa. Weka 25 kwenye mradi unaopokea kabla hujaleta faili.

Uzito na gharama. Kamera tupu ni nyepesi. Umbo linalobadilika ni habari nyingine. Chukua uso wa ziwa wenye nukta 100,000: namba tatu za baiti 4 kwa kila nukta ni megabaiti 1.2 kwa fremu, na kwa fremu 250 ni megabaiti 300. Laptopu ya RAM ya gigabaiti 8 itahema, na kuituma kwa bando la simu kutauma. Ukitakiwa kutuma umbo la jiwe lisilosogea, litume mara moja bila mwendo. Faili haliwezi kusomwa kwa jicho, na ukipewa Alembic ya zamani ya aina ya HDF5, Blender ya sasa haitaifungua.

Inamfaa nani. Anayemalizia kazi kwenye Nuke, Fusion, Maya au Houdini na anahitaji kamera pamoja na umbo la eneo lililotulia, bila nia ya kubadili mwendo.

USD ya Pixar, aina nyingine ya faili za 3D iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2016, inapita njia ya Alembic na kwenda mbali zaidi kwa kupanga matukio makubwa. Kama studio inayokupokea imeomba USD, wape. Kwa kikundi cha watu wawili watatu sioni haja ya kuianza leo.

## Kupinda kwa lenzi

Nilisema nitarudi. Katika njia zote nne una chaguo mbili. Ya kwanza: nyoosha klipu kabla, tuma klipu iliyonyooshwa pamoja na kamera, na kazi yote ifanyike juu ya hiyo. Ni rahisi na inafaa zaidi kama wote mko kwenye programu nafuu. Ya pili: acha klipu ilivyo, na umpelekee mwenzako ramani ya kupinda, yaani picha ya OpenEXR ambayo chaneli nyekundu na ya kijani zinasema kila pikseli itoke wapi. Nuke inaisoma moja kwa moja, na ubora wa picha ya asili unabaki. Ihifadhi kwa biti 32. Chini ya hapo kingo zinaanza kutetemeka.

## Ujumbe wa kuambatanisha

Hata uchague njia gani, faili liende na maneno kama haya:

"Dada, shikamoo. Klipu ni bismarck_03, 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, kuanzia 1001 hadi 1250. Kihisi milimita 36 kwa upana, lenzi 35, haibadiliki. Klipu imeshanyooshwa, na niliyokutumia ndiyo niliyotrakia. Juu ni Y, yuniti 1 ni mita 1; kutoka nukta ya 4 hadi ya 9 ni mita 3.2. Kosa ni pikseli 0.4. Kuna video ya majaribio yenye maboksi juu ya jiwe, tafadhali linganisha nayo kabla hujaanza."

Ile video ya majaribio ndiyo hakimu. Maboksi yakikaa kwako na kuteleza kwake, tatizo liko njiani, wala si kwenye trakingi. Na klipu yenyewe itumwe WhatsApp kama hati, isiende kama video. Ikienda kama video inabanwa, ukubwa unabadilika, na kila namba uliyoandika inapoteza maana.

## Uchague ipi

Kama kitu ni bapa na kazi inaishia After Effects, chukua data za 2D. Kama umetraki Blender na mwenzako ana After Effects, na unataka maandishi yasimame juu ya maji kati ya mawe, tumia jsx. Usijisumbue na FBX.

Kama anayepokea yuko Nuke na ameomba kamera peke yake, chan inatosha, hasa pale mtandao unaposuasua. Akihitaji na jiwe la kufichia vitu, nenda Alembic. Ukijifunzia kwenye Nuke isiyo ya biashara, kumbuka picha yake ya mwisho haizidi 1920 kwa 1080, hairuhusiwi kwa kazi ya malipo, na faili zake zimefungwa hivi kwamba mwenye Nuke ya kulipia hawezi kuzifungua. Kwa hiyo mpe faili la kamera lililotoka kwenye programu uliyotrakia, usimpe mradi wa Nuke.

Kama kazi inaingia Unreal, Unity au kwa mhuishaji wa wahusika, FBX. Kama unatumia SynthEyes, PFTrack au 3DEqualizer badala ya Blender, tazama kwanza orodha yao ya kutolea. Programu hizo zimejengwa kwa ajili ya kazi hii, na SynthEyes inaweza kuandikia programu nyingi moja kwa moja, Nuke ikiwemo, pamoja na lenzi yake.

Kama hujui mwenzako ana nini na hapokei simu, tuma kamera tupu kwa FBX, Alembic na chan ndani ya folda moja. Zote tatu kwa pamoja bado ni nyepesi kuliko picha chache za klipu yako, na maboksi ya majaribio yatamwambia ni ipi iliyofika salama.